Je, Moto Husafisha Chuma cha Wizi?

Kufua chuma ni kazi tukufu. Nabii Daudi (A.S.) alilainishiwa chuma na Mola wake, akafanya deraya, akala kwa kazi ya mikono yake. Kwa hiyo hatuna neno la kuwadharau wahunzi wa Migori na Homa Bay, ambao visu vyao hupasua samaki wa Ziwa na mapanga yao hukata miwa ya Awendo. Swali letu ni jingine: chuma chenyewe chatoka wapi?

Sehemu hizi mbili hazina reli. Ile iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901, wala haikuvuka kuja kusini. Basi msumari wa reli uonekanapo juu ya fuawe huku, umesafiri. Ama umeuzwa kwa haki katika vyuma vikuukuu, ama umeng'olewa katika taruma usiku.

Mhunzi atasema: "Mimi sikuiba, nimenunua kwa kilo, na sasa si msumari tena, ni kisu." Jawabu hili si la kijinga. Maulamaa walilijadili zamani, tena kwa mfano uo huo: mtu aliyepora chuma akakifua upanga. Wafuasi wa Abu Hanifa walisema upanga ni wa mporaji, kwani kitu kimekuwa kingine. Lakini yampasa kulipa thamani ya chuma, na kabla ya kulipa si halali kunufaika nao. Sisi wa madhehebu ya Shafi twasema mali haimtoki mwenyewe kwa nyundo ya mtu mwingine: upanga ni wa mwenye chuma, na jasho la mporaji limekwenda bure. Wamekhitalifiana ni nani amilikiye upanga. Kwamba mwenye chuma ana haki yake, hapana aliyebisha.

Na mwenye reli ni nani? Hapa ndipo watu hulegea. Husema "mali ya serikali" kana kwamba maana yake ni mali isiyo na mwenyewe. Baada ya vita vya Khaibar, mwaka wa 7 Hijria, mtumishi wa Mtume (S.A.W.) aliuawa kwa mshale. Watu wakamtakia heri ya Pepo. Mtume akawaambia kwamba ile shuka aliyoitwaa katika ngawira kabla haijagawanywa inamwakia moto. Mtu mmoja aliposikia hayo akaleta ugwe wa kiatu. Ugwe wa kiatu! Msumari wa reli ni mzito kuliko huo, na juu yake hupita gari lenye watu.

Sheria ya mwaka 2015 yamtaka mfanya biashara ya vyuma vikuukuu awe na leseni na aandike alikonunua. Karatasi hiyo mhunzi aweza kuidai. Na akiikosa, springi ya lori kuukuu hushika makali vizuri zaidi ya msumari wa reli, ambao chuma chake ni laini. Hili mafundi walijua kuliko sisi.

Ama aliyekwisha kuviuza visu hivyo hali akijua, na wanunuzi hawapatikani tena, deni li juu yake. Thamani ya chuma airudishe kwa Shirika la Reli, hata kwa mkono wa mtu mwingine akiona haya.