Ruhusa ya Kukesha

Mwenyekiti wa kijiji aliisoma barua yetu mara mbili, akavua miwani. "Mwanangu, kama hakuna pombe, hao vijana watakesha wakifanya nini?"

Jibu nilikuwa nalo: muziki, bao, filamu, chai ya mdalasini inayolimwa hapahapa Matombo. Wajumbe wakatazamana. Kilabu cha pombe wanakijua. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 imekiwekea leseni. Ukumbi wa kukesha bila kulewa hawakujua waupe kibali gani. Nikaona ajabu: ulevi una karatasi zake, utulivu unahojiwa.

Ndipo akasimama mama mmoja muuza komoni. "Wateja wakihamia kwako, msomi, ada ya wanangu utalipa wewe?"

Nilikosa la kusema. Mama yangu naye alipika pombe. Sekondari nimesomeshwa na pipa lile. Waliolinywea ni baba za wenzangu, na baadhi ya wenzangu hao walirudishwa nyumbani kwa kukosa ada.

Je, nina haki ya kukiita kibaya kilichonilea? Na nikinyamaza kwa kumshukuru mama, shukrani hiyo inalipwa na watoto wa nani?

Kikao kimeahirishwa. Bado naamini ukumbi unafaa. Ila niliandika barua kana kwamba wema wangu haumgharimu mtu. Kabla sijarudi kuomba mhuri, nitakwenda kwa yule mama, nikae, tuhesabu pamoja chai ngapi zinafikia ada ya muhula.