Kuacha Vitu na Kujikana Nafsi

Soma: Mathayo 16:21–26, Mathayo 26:69–75, Matendo 5:1–4, Yohana 10:17, 18, Wagalatia 2:20.

Katika pande za Kaisaria Filipi, chini ya mlima Hermoni, Petro alimkiri Yesu kuwa ndiye Kristo. Muda mfupi baadaye alimchukua Bwana kando akaanza kumkemea. Hakuwa amebadili imani yake. Kilichomkwaza ni njia ambayo Kristo huyo alisema ataipita: mateso, kuuawa, na kufufuka.

Petro alikuwa amekwisha kuacha nyavu, mashua na nyumba. Hata hivyo kilibaki kitu kimoja ambacho hakuwa amekitoa, nacho ni haki ya kumwamulia Bwana njia. Hapo ndipo Yesu alipofundisha habari ya kujikana. Kwa hiyo wa kwanza kuambiwa maneno yale walikuwa watu waliokwisha kuacha mengi. Je, inawezekana mtu aache karibu kila kitu, na bado asijikane?

Kitenzi Kile Kile

Mfuasi anaambiwa *ajikane*. Petro anaambiwa kwamba *atamkana* Bwana wake mara tatu. Si Kiswahili tu kinachoyaunganisha mambo haya mawili. Katika Kigiriki, Mathayo 16:24 na 26:34 hutumia kitenzi kimoja, *aparneomai*.

Kukana si kupunguza. Mshtakiwa anayekana shtaka hadai kwamba kosa lake ni dogo. Anasema kosa hilo si lake. Vivyo hivyo Petro, katika behewa ya kuhani mkuu, hakusema kwamba upendo wake kwa Yesu umepungua. Alisema hamjui mtu huyo. Usiku ule mmoja kati ya wawili alikuwa lazima akanwe, Petro au Yesu, na Petro akachagua kuiokoa nafsi yake. Kujikana ni kinyume chake: ni kuiambia nafsi inayodai kutawala kwamba haitambuliwi kuwa bwana.

Anania na Safira waliuza kiwanja wakaleta sehemu ya thamani yake miguuni pa mitume. Petro alimweleza Anania wazi kwamba mali ilikuwa yake, na hata baada ya kuuzwa, fedha zilikuwa katika uwezo wake. Hawakuhukumiwa kwa sababu ya kiasi walichobakiza. Walitaka sifa ya waliotoa vyote, na sadaka yenyewe ikageuka kuwa chakula cha nafsi.

Jambo hili halikuisha Yerusalemu. Mshiriki anaweza kulitumikia kanisa miaka 20, akachangia ujenzi na kukesha na wagonjwa. Kisha siku kamati ya uchaguzi inaposoma jina la mwingine katika nafasi yake, anaacha kuhudhuria. Alitoa muda, fedha na usingizi wake. Cheo hakuwa amekitoa.

Msalaba wa Kujitwika

Waliomsikia Yesu walijua msalaba ni nini. Mwaka 4 K.K. Varus, liwali wa Kirumi wa Shamu, alizima maasi ya Wayahudi na kuwasulubisha watu wapatao 2,000. Aliyebeba mti ule hakuwa na mpango wake wa kesho.

Kwa kuwa agizo hili ni zito, ni rahisi pia kulitumia vibaya. Mke anayepigwa huambiwa abebe msalaba wake. Kibarua aliyenyimwa ujira huambiwa avumilie kama Mkristo. Je, huko ndiko kujikana?

Yesu alisema mtu *ajitwike* msalaba. Hakumpa yeyote ruhusa ya kumtwika mwenzake. Yeye mwenyewe alisema hakuna anayemwondolea uhai wake, bali anautoa kwa hiari. Watu wa Nazareti walipotaka kumtupa chini kutoka ukingo wa kilima, alipita katikati yao akaenda zake (Luka 4:29, 30). Alipopigwa kofi wakati wa kuhojiwa, aliuliza anapigiwa nini (Yohana 18:22, 23). Kwa hiyo anayekimbia kipigo, au anayedai haki yake, hajautupa msalaba. Na anayemhubiria mwingine kujikana ili aendelee kumwonea, ndiye anayepaswa kujikana kwanza.

Tena, kujikana si kujidharau. Katika mafundisho yale yale Yesu aliipima nafsi ya mtu, akaiona ina thamani kuliko ulimwengu wote (Mathayo 16:26). Mungu haombi nafsi kwa sababu ni takataka. Anaiomba kwa sababu ni yake, na mikononi mwake ndipo ilipo salama.

Kila Siku

Luka 9:23 inaongeza maneno mawili: kila siku. John Nevins Andrews, mmisionari wa kwanza rasmi wa Kanisa la Waadventista Wasabato kwenda ng'ambo, aliondoka Boston tarehe 15 Septemba 1874 kwenda Ulaya. Mke wake Angeline alikuwa amefariki mwaka 1872, hivyo alisafiri na watoto wake wawili, Charles na Mary. Kuondoka kulifanyika mara moja. Kujifunza lugha kulikuwa kwa kila siku. Msomi aliyeandika kitabu juu ya historia ya Sabato alilazimika kuanza upya na Kifaransa, na familia ikapatana kukizungumza nyumbani. Mwaka 1878 Mary alifariki kwa kifua kikuu, na baba yake akamwombolezea kwa uchungu mwingi. Alikuwa amejitoa, lakini machozi hayakumwacha. Aliendelea na kazi hadi kifo chake huko Basel mwaka 1883.

Hakuna anayeweza kuyafanya haya kwa ukaidi wa nia yake. Paulo hakusema kwamba alijisulubisha. Alisema amesulubiwa pamoja na Kristo, na kwamba Kristo yu hai ndani yake. Petro naye alijifunza hivyo. Yule aliyemkemea Bwana kwa ajili ya njia ya msalaba aliambiwa, kando ya bahari ya Tiberia, kwamba siku moja atachukuliwa asikotaka (Yohana 21:18, 19). Safari hii hakukemea. Aliitwa tena kumfuata Bwana, akamfuata.

Maswali ya Kujadili

1. Ni kitu gani mtu anaweza kukishikilia hata baada ya kutoa zaka, sadaka na muda wake? Kwa nini ni vigumu kukitambua?

2. Kanisa lenu linawezaje kumsaidia mtu anayeonewa bila kumwongezea mzigo kwa jina la msalaba?

3. Kuna tofauti gani kati ya kuomboleza na kukataa mapenzi ya Mungu? Linganisha na Mathayo 26:36–44.