MAHAFALI YAONDOKAPO SHULENI



Juma lililopita mzazi mmoja alitujia ofisini, akaketi, akanyamaza kidogo, kisha akatoa barua mfukoni. Ilitoka shuleni kwa mwanawe, shule ya sekondari ya Serikali ambayo zamani ilikuwa ya misheni. Barua yasema kwamba safari hii mahafali ya kidato cha nne hayatafanywa bwaloni kama ilivyo desturi, kwa kuwa bwalo halitoshi. Wazazi wachague: ama ukumbi wa hoteli mjini, kwa mchango wa kila mzazi, ama kanisa la parokia lililo jirani, bila malipo. Mkuu wa shule amekwisha kumwomba Padre Paroko. Paroko amesitasita. Baadhi ya waumini wamekasirika, nao wanasema, "Kanisa tumelijenga kwa jasho letu, na watoto ni wetu, yeye anazuia nini?" Mzazi yule alitaka kujua sisi twasemaje.

Shauri hili si la shule moja. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka chini ya Serikali shule nyingi za misheni, lakini haikuyahamisha makanisa. Ndiyo maana hata leo, mahali pengi katika Tanzania, shule na kanisa vinatazamana, na kengele ya huku husikika kule. Tena tangu mwaka 1916 uliongezewa karne moja, yaani 2016, ada ilipoondolewa katika shule za Serikali hata kidato cha nne, watoto wamekuwa wengi, nalo bwalo ni lile lile waliloliacha mabruda. Tatizo la nafasi ni la kweli. Wala hatumlaumu mkuu wa shule kwa kutafuta mahali.

Kwanza tusimulie jambo lililotokea Marekani, kwa maana lafanana na letu kama pacha. Huko Wisconsin, katika wilaya ya shule iitwayo Elmbrook, ziko shule mbili za sekondari za Serikali. Ukumbi wao wa michezo ulikuwa wa kubanana, wenye joto na viti vigumu. Vijana wenyewe wakaomba mahafali yafanyike katika kanisa moja kubwa la Kiprotestanti la jirani, lenye viti vya mito na hewa ya kupoza. Shule ya kwanza ilianza kwenda huko mwaka 2000, ya pili mwaka 2002, na wakaendelea hata 2009. Hakuna aliyehubiri katika sherehe zile. Lakini nyuma ya jukwaa ulisimama msalaba mkubwa, na kwenye viti zilikuwamo Biblia na vitabu vya nyimbo. Baadhi ya wanafunzi na wazazi wasio wa imani ile wakaona uchungu, wakaenda mahakamani. Mwaka 2012 Mahakama ya Rufaa iliyoko Chicago iliamua, majaji saba dhidi ya watatu, kwamba shule ya Serikali haikuwa na haki kuwaweka vijana katika hali ile. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya nchi ilikataa kulisikiliza shauri, nayo hukumu ikasimama. Wakati huo wilaya ilikuwa imekwisha kujenga kumbi zake, na tangu 2010 mahafali yalikuwa yamerudi shuleni.

Wasomaji wetu wengine watasema: Hao ni Wamarekani, wana sheria zao. Ni kweli. Sisi hatuwaigi wala hatuwahukumu. Lakini liko neno moja katika habari ile ambalo lapasa kumgusa kila Mkristo. Wakuu wa shule waliliomba kanisa lile liufunike msalaba wakati wa mahafali. Kanisa likakataa.

Twalisifu kanisa lile kwa kukataa. Nyumba iliyowekwa wakfu kwa Mungu haiwezi kumficha mwenye nyumba ili wageni wapate viti. Lakini hapo hapo tujiulize habari ya mgeni. Msalaba usipofunikwa, mtoto wa Kiislamu, ambaye hakuchagua kuja, ataitwa jina lake, atapanda mbele ya altare, naye atapokea cheti chake chini ya alama ya imani isiyo yake, babaye akiangalia. Ukifunikwa, tumemtendea Bwana wetu lisilotendeka. Hatuoni njia ya tatu. Paroko aliyesitasita alikuwa na sababu.

Tugeuze mambo kidogo. Tuseme jirani ya shule ile si kanisa bali msikiti, nao ni mpana, una mazulia mazuri, na mkuu wa shule atuandikie sisi Wakatoliki kwamba watoto wetu watapewa vyeti humo. Je, barua ngapi zingefika katika ofisi yetu kabla ya Jumamosi? Bwana wetu ametufundisha kuwatendea wengine kama tunavyotaka kutendewa, wala hakusema isipokuwa bwalo likiwa dogo. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano nao, katika tamko lake juu ya uhuru wa dini la tarehe 7 Desemba 1965, ulifundisha kwamba mtu asishurutishwe katika mambo ya dini. Mtu aweza kushurutishwa bila fimbo. Yatosha kumwambia kijana kwamba siku aliyoingojea miaka minne itakuwa mahali pale, akitaka aje, asipotaka akae kwao.

Na hata kama wanafunzi wote wangekuwa Wakatoliki, bado liko swali la nyumba yenyewe. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1210, yasema kwamba mahali patakatifu pawe kwa ajili ya ibada, uchaji na dini; Askofu aweza kuruhusu matumizi mengine mara moja moja, mradi yasipingane na utakatifu wa mahali. Mwaka 1987 Roma ilitoa barua juu ya matamasha ya muziki makanisani. Iliagiza ombi liandikwe mapema, watu waingie bila kulipa, Sakramenti Takatifu ihifadhiwe mahali pengine pa heshima kadiri iwezekanavyo, na waimbaji wasikae patakatifuni. Basi, ikiwa muziki wa dini wawekewa mipaka hiyo, mahafali je? Sote twayajua mahafali yetu. Kuna risala na hotuba ya mgeni rasmi, kuna ngoma na vichekesho, kuna akina mama wanaocheza wakielekea jukwaani na noti mkononi kumtuza mtoto, tena kwa vigelegele. Hayo yote ni furaha halali, nasi tumeyafurahia mara nyingi. Lakini yana uwanja wake. Anayesema kwamba kanisa tumelijenga kwa jasho letu, amesema kweli. Ila tulipokwisha kulijenga tulimpa Mungu. Zawadi hairudishwi nusu siku.

Sasa hoteli. Hapa yatubidi kusema jambo ambalo tungependa kulinyamazia.

Miaka kadhaa iliyopita tulialikwa katika mahafali ya shule moja, katika ukumbi wa namna hiyo hiyo. Tulifika tumechelewa. Langoni tukawakuta wavulana watatu wamesimama, sare zao zimepigwa pasi, viatu vimepakwa rangi. Tukawauliza mbona hawaingii. Mmoja akajibu kwa adabu, "Shikamoo Padre. Hatuna kadi." Wazazi wao hawakulipa mchango, ambao ulizidi bei ya magunia mawili ya mahindi. Mlinzi alikuwa ameagizwa asiyekuwa na kadi asipite, naye alikuwa anaitii kazi yake. Baadaye tulipata kujua kwamba yule aliyetujibu ndiye aliyekuwa mpiga kengele wa shule. Kwa miaka miwili wenzake waliamka kwa mkono wake.

Sisi tulikuwa na kadi. Tuliingia. Tulibariki chakula, tukala wali na kuku, tukapiga makofi. Majina yalisomwa, na yale matatu yaliposomwa mtu akasema, "Hayupo," mara tatu, shughuli ikaendelea. Tulipotoka hawakuwapo tena langoni.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto kwa ukali kwa sababu walikutanika kula, na huku mmoja ana njaa na mwingine amelewa. Akawauliza kama wanataka kuwaaibisha wasio na kitu. Tumeisoma sehemu ile ya waraka mbele ya watu mara nyingi, na kuifafanua pia. Siku ile langoni haikutujia akilini. Hatuandiki haya ili kujipatia huruma ya wasomaji. Twaandika kwa sababu twajua jinsi ilivyo rahisi kuingia.

Ukumbi wa kukodi hauna dhambi. Shule ikipata mahali pakubwa, ikawachukua watoto wote bila kuuliza nani amelipa, hatutapinga. Lakini ukumbi hudai pesa, pesa hudai kadi, na kadi hudai mlinzi. Bwalo, pamoja na joto lake, halikuwa na mlinzi. Kila mtoto aliyekuwa shuleni alikuwa ndani ya mahafali, kwa kuwa mahafali yalimfuata mahali alipo.

Wanafunzi wa Bwana nao walikabiliwa na shida ya namna hii. Umati ulikuwa mkubwa, mahali palikuwa nyika, na jua lilikuwa linashuka. Wakamshauri awaruhusu watu waende vijijini wakajinunulie chakula. Ulikuwa ushauri wa akili, ila kwa mwenye fedha. Yeye akaamuru waketi pale pale penye majani, vikundi vikundi, mia mia na hamsini hamsini. Hata utaratibu wa viti aliufikiri.

Basi tulimwambia mzazi yule hivi. Shule ile ina uwanja, na kando ya uwanja ina miembe iliyopandwa na wamisionari. Mahafali yaanze saa mbili asubuhi, kabla ya jua kali, wala yasingoje mgeni rasmi hadi saa saba. Maturubai yatakayokodiwa yatagharimu sehemu ndogo ya pesa za hoteli. Walio Wakatoliki wawe na Misa yao ya shukrani kanisani Jumapili, kwa hiari yao, na Waislamu wamshukuru Mungu kwa desturi yao. Parokia nayo isikae ikijivuna kwamba imekataa: iazime benchi zake zote, na vipaza sauti, na masufuria makubwa ya akina mama, na Halmashauri ya Walei iwe ya kwanza kubeba. Hivyo kanisa litakuwa limeyasaidia mahafali bila kugeuzwa ukumbi, na mtoto wa Kiislamu ataketi juu ya benchi letu pasipo kulazimishwa neno lo lote.

Mzazi alisikiliza, akaikunja barua yake, akairudisha mfukoni. Akasema atayapeleka maneno haya kwenye kikao cha wazazi, ingawa wako watakaosema kwamba uwanjani ni mambo ya kizamani. Kisha, akiwa amekwisha kushika kitasa cha mlango, akageuka:

"Lakini Padre, hizo benchi jioni atazirudisha nani? Maana Jumapili asubuhi twazihitaji."

Tukamjibu kwamba hilo amwulize katekista, ambaye amekwisha kuzihesabu.