Picha na Wenye Nyumba

Hapa Kasongo, mashariki mwa Kongo, mtu hanunui picha ili aitazame. Mteja akiingia kibandani kwangu, kwanza anapima kwa mikono kama itatosha juu ya kochi. Kisha ananieleza wageni wake ni akina nani: wakwe, wanakwaya, au wafanyabiashara wa dhahabu kutoka Salamabila. Mwisho kabisa ndipo anapotaja anachotaka kuchorewa: Lumumba na miwani yake, mamba-muntu, yule nguva mwenye kioo mkononi, askari wa koloni akimchapa mtu fimbo, au mama yake marehemu kutoka kwenye picha ndogo ya kitambulisho iliyokwisha kufubaa.

Baada ya hapo mambo huenda hivi. Picha inatundikwa saloni, mgeni anakaribishwa kiti, analetewa maji, macho yanapanda ukutani. "Baba, huyu ni nani?" Basi mwenye nyumba amepata njia. Atasimulia habari za mama aliyewasomesha kwa shamba la mpunga, habari ambazo kama angezianza bila kuulizwa angeonekana anajisifu au analialia. Picha imempa ruhusa. Ndiyo maana naamini kwamba kazi yangu haimaliziki kibandani. Mimi naweka rangi. Maana inawekwa na watakaoishi nayo, kidogo kidogo, kila mgeni anapouliza.

Mwenzetu aliyelijua hili kuliko sisi wote ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1947. Alikuwa akichora juu ya mifuko ya unga na kuzungusha picha zake mlango kwa mlango. Katikati ya miaka ya 1970 alimchorea mtafiti Johannes Fabian historia nzima ya nchi, picha zaidi ya mia moja. Kila alipoleta fungu jipya walikaa, kinasa sauti kikawashwa, naye akaeleza kwa Kiswahili: huyu ni nani, kwa nini amevaa hivi, kwa nini mbingu ni nyekundu. Kitabu kilichotokana na mazungumzo hayo, cha mwaka 1996, kimebeba picha pamoja na maneno, na maneno ndiyo mengi. Tshibumba hakuonekana tena tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Picha zake hizo ziko Uholanzi. Nikiwaza kuhusu kazi yake, kinachonishangaza si uhodari wa mkono tu. Alijua kwamba kumkabidhi mtu picha bila kukaa naye ni kumwuzia nusu.

Lakini Kasongo si Lubumbashi. Picha ya mzungu mwenye kofia, askari mwenye fimbo na mfungwa aliyelazwa chini nauza bila shida. Mzungu amekwenda zake kwao. Askari naye alikuwa mtu mweusi, tena babu wa mtu fulani, ila ile kofia yake nyekundu imemtoa katika kila ukoo. Hakuna mgeni atakayeinuka kwenye kochi aseme, huyo ni wetu.

Picha ya msafara wa watumwa ni habari nyingine. Mji huu ulikuwa makao ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Sidney Hinde, daktari Mwingereza aliyeingia hapa na jeshi la Wabelgiji chini ya Dhanis mwezi Aprili 1893, aliandika kwa mshangao habari za vitanda vya kuchonga, magodoro ya hariri, mashamba ya mpunga na michungwa. Kutoka kwa Tippu Tip na watu wake tulipata Uislamu, wali tunaokula, na lugha hii ninayoiandika. Na ni watu wale wale waliowatia wazee wetu minyororo. Tungekuwa tumegawanyika, wa upande huu mtaa huu, wa upande ule mtaa ule, mchoraji angejua la kufanya. Lakini nyumba nyingi hapa zina damu zote mbili. Babu wa huku alikuwa mwungwana mwenye bunduki. Bibi wa kule aliletwa akiwa mtoto, na jina la kwao halikumfuata.

Siku moja alikuja mzee mmoja, akataka nimchoree Tippu Tip: kanzu nyeupe, jambia, ndevu zake za heshima. Tulikuwa tumekwisha kupatana bei. Mke wake, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikapu cha sombe, akasema bila kupandisha sauti: "Baba watoto, ukimweka huyo ukutani, uwaweke na waliombebea pembe." Mzee akacheka. Wakaondoka pamoja, na yale malipo ya kwanza hayakuletwa. Sikumlaumu. Tippu Tip alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, yakachapishwa kabla hajafa Unguja mwaka 1905. Wapagazi wake hawakupata wa kuwaandikia. Yule mama alikuwa akidai kurasa zao, na mume wake akaona kwamba baada ya hapo kila mgeni angekuwa na swali.

Nikichora huwa nafungulia redio, na mara nyingi nasikia wivu. Mwanamuziki Remmy Ongala alizaliwa Kindu, makao makuu ya jimbo letu hili, mwaka 1947. Mwaka 1978 akaenda Tanzania, akapigia Orchestra Makassy, kisha Super Matimila, na huko ndiko alikozikwa mwaka 2010. Wimbo wake "Kifo" unamkabili mkosaji mwenyewe, kifo, uso kwa uso, na watu wanaucheza harusini. Nimewaona wajane wakiucheza. Muziki una bahati ambayo picha haina: mwili ukishapata shughuli, moyo unavumilia neno zito. Anayecheza hatakiwi kujibu lolote. Picha humkuta mtu amekaa, mikono mitupu, hana pa kupeleka miguu. Nadhani msafara wa watumwa ungeimbwa hapa Kasongo tungeusikiliza hadi mwisho, tena tukaurudia. Kuutundika ndiko kunakotushinda.

Filamu nayo ina watu wake. Katika ukumbi wa video, jenereta likinguruma nyuma ya turubai, hakuna anayenyamaza. Dar es Salaam alikuwako Lufufu, aliyekuwa akisimulia filamu za ng'ambo kwa Kiswahili juu ya sauti zao. Kenya wana DJ Afro. Watazamaji waliwapenda hata pale waliposema mambo ambayo filamu haikusema. Mwigizaji wa Tanzania Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012 alililiwa pia upande huu wa Ziwa Tanganyika, kwa sababu tulikuwa tumemfanya ndugu kwa kumzungumzia usiku kucha.

Lakini filamu ninayoipenda zaidi ni ile inayosimuliwa nyumbani kwangu asubuhi. Mwanangu anarudi na hadithi, mama yake anatwanga sombe. Mtoto anaruka, anaanguka, anakufa, anafufuka. Mama hainui uso. Kisha anauliza: "Na mama wa yule msichana alikuwa wapi wakati wote huo?" Mtoto ananyamaza. Filamu haikuonyesha. Basi anabuni: alikwenda shambani, mto ukajaa, akazuiwa ng'ambo. Mtoto amelazimika kumtafutia mama wa watu sababu, na hapo ile hadithi ya ngumi na bastola imepata uzito ambao mtengenezaji wake hakuutia.

Kwa sababu hiyo sanamu za Wabuyu hunisumbua. Huko Kabambare na nchi za jirani, Wabuyu na Wabangubangu walichonga wazee wao kwa mti: kichwa kikubwa, ndevu, mikono tumboni. Nyingi zilichukuliwa, zikaishia katika makumbusho ya Ulaya na nyumba za wakusanyaji. Nimeziona kwenye kitabu na kwenye simu tu. Chini yake pameandikwa kabila, aina ya mti na karne. Aliyechonga alijua jina la mzee yule. Watu wa ukoo walilijua pia, wakamsalimu kwalo na kumletea mashauri yao. Siku hizi wanampima kwa sentimeta.

Ningeweza kuishia hapo na kusema kwamba sanaa isiyo na wa kuisemesha ni mti na rangi tu. Ila kuna jambo linalonikatalia, nalo lilitokea katika nchi hii hii.

David Livingstone alikaa Kabambare muda mrefu, vidonda vya miguu vikimzuia kuendelea. Baadaye akafika Nyangwe, sokoni kando ya Lualaba. Karatasi na wino vilikuwa vimemwishia. Akaandika juu ya gazeti la zamani, akikatisha mistari ya chapa, kwa wino aliojitengenezea kutokana na mmea wa kienyeji. Huko, tarehe 15 Julai 1871, watu wa wafanyabiashara wa pembe waliwafyatulia bunduki waliokuja sokoni. Mamia walikufa, wengi wao wanawake, wengine wakizama mtoni. Aliandika aliyoyaona siku zile zile. Kisha wino ukafifia hata kurasa zikawa hazisomeki, na dunia ikabaki na maelezo yaliyotengenezwa baadaye. Wataalamu walikuja kuzimulika kurasa hizo kwa mwanga wa namna nyingi, maandishi yakajitokeza, yakatolewa hadharani mwaka 2011, na hayakufanana kwa yote na yale yaliyochapishwa kwanza.

Fundi wa rangi hawezi kuisikia habari hii akabaki kama alivyokuwa. Karibu miaka 140 ile karatasi haikuwa na msomaji, wala mgeni wa kuuliza, na bado ilikuwa na neno. Wenye nyumba hutia maana, ndiyo, lakini hakuna achotaye katika mtungi mtupu. Mteja ananilipa kwa wageni wa mwaka huu. Wako wengine watakaouliza wakati yeye na mimi hatupo, na hao pia nina deni lao. Nikichora tu kile ambacho nyumba iko tayari kukizungumzia, nitakuwa nimepamba.

Nilimweleza mke wangu haya yote. Yeye kila kiangazi hupaka ukuta wetu wa nje kwa pemba, ule udongo mweupe, na udongo mwekundu, mistari na vidole vyake, na mvua zikianza huosha kila kitu. Hajawahi kulalamika. Akaniambia: "Kama hakuna anayeitaka ile picha ya msafara, si uichore ya hapa? Ukuta tunao."

Nimeianza. Pembe ni nyeupe yenye tone la njano, vinginevyo zinaonekana kama chaki. Ngozi za wapagazi nimezichanganya moja moja, nyeusi, nyekundu na njano kwa vipimo tofauti, kwa sababu wakiwa na rangi moja wanakuwa kundi, na kundi halina wajukuu. Mpagazi wa mbele nimempa pua ya upande wa mke wangu. Mwenye bunduki nimempa paji la uso la baba yangu.

Baba mdogo alipita akaikuta haijaisha. Akaitazama, akasema: "Yule mwenye bunduki hakuwa na ndevu."

"Kwani, Baba, unamjua?"

Akavuta kiti, akaanza kuhesabu majina ya waliokuja naye, nani alimwoa nani, nani aliachwa njiani Kabambare. Alipofika jina la tatu, mama mkwe wangu akatoka jikoni na kumkatalia.