Mapya Ofisini, ya Kale Dukani

Bibi yangu hukoroga manjano kwenye maziwa ya moto, akatia samli kidogo na pilipili manga iliyotwangwa. Ndiyo dawa yake ya kikohozi na ya viungo vinavyouma. Nilipomweleza kwamba katika shahada yangu ya uzamili najifunza namna mpya ya kuyasaga manjano hayo, aliniuliza swali moja tu: "Kwani mimi huwa siyasagi?"

Nilicheka, lakini swali halijaniondoka.

Ndani ya manjano mna kurkumini, kemikali inayoyapa rangi yake. Haiyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo ukiila, sehemu kubwa hupita tumboni na kutoka bila kufika kwenye damu. Njia mojawapo ya kulitatua tatizo hili ni fuwele za nano. Kurkumini husagwa ndani ya maji pamoja na shanga ndogo ngumu, hadi chembe zake ziwe chini ya nanomita 1,000. Unywele mmoja wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Kisha huwekwa kitu cha kuzuia chembe hizo zisishikamane tena. Molekuli yenyewe haibadiliki. Kinachobadilika ni ukubwa: chembe zikiwa ndogo, eneo linalogusana na maji huongezeka, na dawa huyeyuka upesi.

Ni kazi ya kweli, wala siionei haya. Lakini hata ya bibi ni kazi ya kweli. Kurkumini huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji, na samli ni mafuta. Mwaka 1998 watafiti wa India walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba piperini, iliyomo kwenye pilipili manga, huongeza kiasi cha kurkumini kinachofika kwenye damu.

Basi dawa ni ya nani? Mwaka 1995 chuo kikuu kimoja cha Marekani, cha Mississippi, kilipewa hataza ya kutumia manjano kuponya vidonda. Baraza la utafiti wa sayansi la India, CSIR, lilipinga, likaleta maandishi ya zamani kuonyesha kwamba jambo hilo lilijulikana kitambo. Mwaka 1997 hataza ikafutwa. Zamani nilidhani funzo la kisa hiki linaishia hapo: usiibe. Siku hizi naona kuna kosa la pili, la kimya zaidi, na lililo karibu zaidi na watu kama mimi.

Mwenye fuwele za nano akienda kuomba hataza, husema: hiki ni kipya, hakijawahi kuwapo. Akienda kwa mnunuzi, hushawishika kusema: hiki ni cha asili, bibi na babu zetu wamekitumia vizazi na vizazi, hakina madhara. Hawezi kushika yote mawili. Kama dawa yake inaingia kwenye damu kwa kiasi ambacho manjano ya mchuzi hayajawahi kuingia, basi usalama ulioonekana jikoni kwa miaka mingi si wake. Tayari Italia na Marekani zimeripotiwa kesi za watu walioumia ini baada ya kutumia vidonge vya manjano, baadhi vikiwa vimetiwa piperini ili vifyonzwe zaidi.

Utaniambia bibi naye hana ushahidi wa kimaabara. Ni kweli. Mwaka 2017 wanakemia waliopitia tafiti nyingi za kurkumini walihitimisha kwamba sifa zake zimezidi uthibitisho wake. Kumheshimu bibi si kukubali kila asemalo. Ni kutomfanya shahidi wa jambo ambalo hakulishuhudia. Yeye anajua kijiko kimoja, kikombe kimoja, na watu aliowanywesha. Chembe zangu hazijui, na mimi bado sizijui vya kutosha.

Kwa hiyo jibu langu kwake, nililochelewa kulipata, ni hili: unasaga, bibi, tena ulianza kabla yangu. Ila mimi nikisaga hutoka kitu kingine. Kikimfaa mtu, nitakutaja, kwa kuwa nilianzia kwako. Kikimdhuru, nisijifiche nyuma ya kanga yako.