Shukrani ya Siku Tano

Je, tukimshukuru Mungu kwa uponyaji, kisha ugonjwa ukarudi, shukrani yetu ilikuwa ya bure? Swali hili huwasumbua wengi wetu, ingawa ni wachache wanaothubutu kuliuliza kanisani.

Dave Dravecky alikuwa mchezaji wa besiboli katika timu ya San Francisco Giants huko Marekani. Kazi yake ilikuwa kumrushia mpira mpigaji wa timu pinzani kwa namna ambayo ingemshinda kuupiga. Riziki ya mrushaji imo katika mkono mmoja, na kwa Dravecky ulikuwa wa kushoto. Oktoba 1988 madaktari waliondoa uvimbe wa saratani katika mkono huo, pamoja na nusu ya msuli wa bega. Hawakutarajia arushe tena. Lakini tarehe 10 Agosti 1989 alirudi uwanjani na timu yake ikashinda. Naye, akiwa Mkristo asiyeificha imani yake, alimshukuru Mungu. Siku tano baadaye, mjini Montreal, mfupa wa mkono ule ulivunjika akirusha mpira, akaanguka chini. Saratani ikarudi. Mwaka 1991 mkono wote ulikatwa pamoja na bega.

Mwenye hesabu za sokoni atasema Mungu alitoa kisha akanyang'anya. Hata katika sharika zetu hesabu hizo zipo. Aliyepona huitwa mbele atoe ushuhuda. Ugonjwa ukimrudia, watu huinamisha macho, na wengine hunong'ona kwamba imani yake imepungua. Naye hujifunza kunyamaza, hukaa benchi la nyuma, na mwisho huacha kuja.

Lakini anayeshukuru anakiri alichopokea leo. Hadai kwamba ameahidiwa na kesho. Lazaro alifufuliwa, na baadaye akafa kama wanadamu wote, wala hatusemi Martha na Mariamu walifurahi bure. Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe. Haukuondolewa, naye hakuhesabiwa kuwa mwenye imani haba.

Bado liko swali gumu zaidi: mkono ukishakatwa, mrushaji anabaki nani? Dravecky na mkewe Jan wameeleza waziwazi huzuni nzito iliyowapata, kisha wakaanza kuwatia moyo wagonjwa wa saratani na waliokatwa viungo. Kama hatuhesabiwi haki kwa matendo, basi hata thamani yetu haikai katika mkono unaotenda. Wengi wetu tulibatizwa tukiwa wachanga, tusioweza hata kushika kijiko, na Mungu akatuita wake.

Basi Jumapili ya ushuhuda tumwite pia yule ambaye ugonjwa umemrudia. Tusimuulize imani yake imekwenda wapi. Tumpe nafasi amshukuru Mungu kwa siku alizopewa, na alie kwa zile alizonyimwa. Mungu husikia yote mawili.