Niliuza nyimbo za jirani yangu

Kabla ya kufika hapa Nyarushishi nilikuwa na kazi yangu soko la Kadutu, Bukavu. Meza moja, mwavuli, kompyuta ya mitumba na diski yenye nyimbo zaidi ya elfu nne. Mtu analeta simu au kadi yake ya memori, anasema "nijazie", nami ninamjazia. Nyimbo 20 kwa franga 1,000 za Kongo. Rumba, za kanisa, bongofleva, na za vijana wa palepale Bukavu. Kazi hiyo ililisha watoto wangu miaka sita. Sikuwahi kuiita wizi, na pale sokoni sikusikia mtu akiiita hivyo. Hata askari walikuwa wateja wangu.

Kompyuta nilivuka nayo mto Rusizi ikiwa imefungwa ndani ya kitenge cha mke wangu, na hapa nimeendelea, kidogo kidogo, siku zikiwa na umeme. Jioni moja nilikuwa ninamjazia mama mmoja, nikafungulia wimbo ili asikie kama ndio anaoutafuta. Kijana wa hema la tatu kutoka kwangu alikuwa anapita na ndoo ya maji. Akasimama. Akasikiliza mpaka mwisho, ndoo mkononi. Halafu akasema:

"Yaya, ile wimbo njo yangu."

Nilidhani ni utani. Kwenye kompyuta yangu wimbo ule hauna jina, umeandikwa "Track 07" tu. Lakini sauti aliyosema nayo ilikuwa ileile iliyokuwa inatoka kwenye spika. Mama akacheka, akapiga makofi. Mimi nilimwomba msamaha harakaharaka, kama mtu aliyekanyaga mguu wa mwenzake kwenye foleni. Akanijibu, "Siko na kasirani, kila mutu alikuwa anatafuta maisha." Akabeba ndoo yake. Kisha akageuka: "Sasa jina yangu ilienda wapi?"

Nimelala na swali hilo wiki kadhaa. Je, nina deni kwa kijana huyu? Na kama ninalo, ni la nini hasa?

Utetezi wangu wa zamani ulikuwa huu: wimbo si mkate. Nikichukua mkate wako, unabaki na njaa. Nikinakili wimbo wako, wimbo bado unao, na tena watu wengi zaidi wanaujua. Halafu, yule mama wa Kadutu mwenye franga 1,000 hangenunua CD ya dola tano hata siku moja. Kwa hiyo nilimnyima mwimbaji nini?

Kwa yule mama, hoja hiyo bado ninaikubali. Maskini anayepokea wimbo kwa Bluetooth kutoka kwa shemeji yake hana hatia yoyote, na atakayemhubiria aje kwanza alale hapa usiku mmoja. Lakini mimi sikuwa yule mama. Ile franga 1,000 ilikuwepo. Ilitoka mfukoni mwake kwa sababu ya sauti za watu 20, ikaingia mfukoni mwangu yote, na hao watu 20 walipata sifuri. Sikuchukua wimbo, nilichukua franga iliyofuata wimbo. Nilichelewa kuona tofauti hiyo kwa sababu ilikuwa inanilisha.

Vijana wanasema sasa mambo ni mapya, kuna striming, msanii huru hahitaji tena mtu wa meza kama mimi. Jirani yangu alijaribu. Alinieleza, nami nikabaki ninashangaa jinsi biashara ile inavyofanana na yangu, isipokuwa wao wana daftari. Fedha za wasikilizaji wa kila nchi zinaingia kwenye chungu kimoja. Kampuni kama Spotify, iliyofika Rwanda mwaka 2021, inatoa karibu theluthi mbili ya mapato yake ya muziki kwa wenye haki za nyimbo, na kila mmoja anapata kwa kadiri ya sehemu yake katika usikilizaji wote wa nchi hiyo. Anayesikiliza Norway analipa bei ya Norway, wa Kigali analipa bei ya hapa, na wa Kadutu, aliyejaziwa na mimi, hayumo kwenye hesabu kabisa. Kwa hiyo wimbo unaweza kuimbwa na mtaa mzima, watoto wakaurukia kamba, na daftari likaonyesha kwamba hakuna aliyeusikia.

Tangu 2024 kuna sheria nyingine kule: wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi chochote. Wake ulifika mia sita na kitu. Fungu lake likabaki chunguni wakagawana wengine. Aliponiambia hivyo tulicheka wote wawili, maana kampuni kubwa na mzee wa meza ya Kadutu walimlipa bei moja.

YouTube nako kuna mlango mwembamba. Ili ugawiwe fedha za matangazo, njia ya kawaida ni uwe na wafuasi 1,000 na watu wawe wametazama video zako saa 4,000 kwa mwaka. Ukivuka hapo, Google wanatuma barua ya karatasi, yenye namba ya siri, kwenye anwani yako ya posta, ili wajue kweli unaishi hapo. Sisi tuko kwenye kambi ya muda. Leo hema hili, kesho basi la kwenda Mahama. Andika anwani gani?

Hapa kuna jambo la Kongo ambalo wageni wengi hawalijui. Wanamuziki wetu walielewa zamani kwamba kurekodi hakulipi, wakaanza kuuza majina. Tunaita libanga, au mabanga yakiwa mengi: unampa mwimbaji fedha, naye anakutaja ndani ya wimbo. Wafanyabiashara, wanasiasa, mabibi wa wakubwa, wote wamelipa kusikia majina yao katikati ya magitaa. Jirani yangu naye aliishi hivyo. Kwenye harusi za Bukavu baba wa bwana harusi alimpa dola kumi, siku nzuri ishirini, na ukoo mzima ukatajwa. Angalia basi mambo yalivyo: jina la aliyelipa limebaki ndani ya wimbo hata baada ya kupita kwenye meza yangu, kwa sababu liliimbwa. Jina la mwimbaji lilikuwa limeandikwa tu, likadondoka nilipokuwa ninanakili.

Na jina si kitu kidogo. Jean-Bosco Mwenda alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo. Wapiga gitaa mpaka Nairobi walijifunza kutokana na vidole vyake, na mwisho wa miaka ya 1950 alikuwa na kipindi chake redioni hukohuko. Watu walijua wamwite nani. Wimbo wa "Malaika" ulizunguka dunia kwa sauti ya Miriam Makeba na baadaye Boney M, lakini Fadhili William, aliyeurekodi Kenya, na wengine waliodai kuutunga, waligombania jina mpaka uzeeni. Jina likishapotea, hata fedha ikija inakosa mlango wa kubisha.

Nageukia sasa ndugu zetu wa mashirika, maana najua mnasoma kurasa hizi. Tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, kijana kama huyu anaitwa aimbe. Mwenye spika analipwa. Mwenye jenereta analipwa. Aliyekodisha viti analipwa kwa risiti. Mwimbaji anapewa Fanta, fulana na neno "utajulikana". Halafu video inawekwa mtandaoni, wimbo wake ukisikika chini ya maneno ya shukrani, bila jina. Sisemi hivi kwa hasira. Mimi nilifanya mabaya zaidi kwa miaka sita. Ninasema tu kwamba bajeti inajua kumwona mwenye viti.

Nilijaribu kupiga hesabu ya deni langu. Kila wimbo ulikuwa franga 50. Tuseme nusu ni yake, 25. Tuseme "Track 07" niliijaza kwenye simu 400, sijui, huenda zaidi. Hiyo ni franga 10,000 za Kongo. Haifiki dola tano. Nilipoona hivyo niliona aibu mara mbili: kwanza kwamba nilimnyima, pili kwamba kilichokuwa kinanizuia kumpa kilikuwa kidogo namna hiyo.

Jina lake lilipotoka kwenye orodha ya Mahama nilimpelekea faranga 5,000 za Rwanda. Alikataa. Mke wangu akamwambia, "Mdogo wangu, pokea, huyu hatulazi usiku." Akachukua 2,000 za sabuni ya safari. Zilizobaki, akasema, ninunulie umeme wa kompyuta, tukae turudishe majina.

Tulikaa usiku mbili. Nilikuwa na mafaili 212 ya vijana wa kwetu yenye namba tu. Tulikuwa tunafungulia sekunde chache, anainamisha kichwa, anasema huyu ni fulani wa Panzi, huyu tulikuwa naye kwaya, huyu alikufa. Ninaandika. Tulibishana kuhusu mmoja kwa nusu saa nzima. Tulifika 61, usingizi ukamshinda.

Basi liliondoka Alhamisi asubuhi, ukungu ukiwa bado kwenye mashamba ya chai. Mafaili 151 bado hayana jina. Ukiwa uliwahi kuimba Bukavu, Kamanyola au Uvira, pita kwenye hema langu jioni, usikilize. Huenda umo.